Tupeane uzoefu: nani kairudia The Lion King ukubwani?

Mwenye mada (Fuoni)
Assalamu alaykum ndugu zangu. The Lion King, ile katuni ya mtoto wa simba, ilitoka 1994. Kwetu Chake Chake ilifika miaka kadhaa baadaye, kwenye kaseti ya video aliyokuja nayo mjomba kutoka Maskati. Deki mtaani ilikuwa moja. Tulikaa watoto kama ishirini juu ya jamvi, hakuna hata mmoja anayejua Kiingereza, tunavizia maneno yetu tu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Likitajwa moja, nyumba nzima kelele.

Sikukuu iliyopita nimeiangalia tena na wanangu. Ilipofika pale korongoni, nyumbu washapita, Simba mtoto anamsukuma baba yake kwa kichwa aamke, haamki, kisha anajipenyeza chini ya mkono wake alale naye, niliinuka nikatoka uani. Mwanangu wa miaka saba akanifuata. "Baba, mbona unalia?"

Mie baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Nimelelewa na ami yangu. Na kwetu ami ni baba, hilo halina mjadala. Ndiye aliyenishika mkono siku ya maziko, ndiye aliyeniozesha. Kwa hiyo utotoni sikumchukia Scar, ami yake Simba. Nilikuwa nikingoja atengenee, maana akilini mwangu ami hawezi kumtupa mtoto wa ndugu yake. Ukubwani ndiyo nimesikia alichomwambia yule mtoto: kwamba baba yake kafa kwa sababu yake yeye mtoto, akimbie, asirudi tena. Mtoto kafiwa sasa hivi, anatafuta mtu mzima wa kumwambia neno, na neno analopewa ni hilo. Nikamkumbuka ami yangu, ambaye siku zile hakusema mengi. Alikuwa akija alfajiri na uji, anakaa pembeni mpaka niumalize.

Haya, nyinyi mara ya pili mliiona vipi?

Mama Wawili (Jang'ombe)
Wa alaykum salaam kaka. Yangu ni ya bibi.

Tulikuwa tunaangalia, bibi anachambua mchele karibu na mlango, hana habari na sisi. Likatajwa jina la yule fisi jike, Shenzi. Bibi akaweka ungo chini. "Nani huyo anayetukana mbele ya watoto?" Tukamwambia ni jina tu, la katuni. Akasema zima. Tulilia siku ile, na mimi nilimuona bibi mkorofi kwa miaka.

Mwaka huu binti yangu kaifungua kwenye simu, jina limetajwa, na mimi mkono umekwenda wenyewe kutaka kuzima. Kwa sababu sasa najua. Bibi alizaa mama yangu akiwa mtu mzima, na bibi yake yeye aliletwa Unguja kutoka bara akiwa mtoto, kwa nguvu. Mshenzi ndilo neno watu wa pwani walilowaita watu wa bara enzi hizo, na huyo bibi aliitwa hivyo mpaka akafa, na watu waliokula naye sinia moja. Watengenezaji walichukua neno wakampa fisi anayecheka. Kwao ni sauti tu. Sikuizima, lakini nilimkalisha binti yangu nikamwambia habari za bibi wa bibi yangu. Kaniuliza jina lake la kweli. Silijui, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwalimu wa Kiswahili (Wete)
Shoga yangu Mama Wawili, Mungu amrehemu bibi.

Mimi nafupisha. Jina lililonikaa ni la mama yake Simba, Sarabi. Sarabi ni mazigazi, yale maji unayoyaona kwa mbali jua likiwa kali, ukifika ni ardhi kavu. Aliyepita chuoni analijua kutoka Suratun-Nur, mwenye kiu anayadhani maji. Utotoni lilinipita. Sasa fikirini: mtoto yuko mbali miaka yote, anaamini mama hawezi kumpokea tena, na mama yake anaitwa Sarabi. Mara hii nililisikia nikanyamaza.

Mpiga udi (Mji Mkongwe)
Wengi hudhani sauti ile ya mwanzo, jua linapochomoza, ni Kiswahili. Ni Kizulu, na anayeiita ni Lebo M wa Afrika Kusini. Ingonyama ni simba.

Aliyetunga muziki wa ndani ni Hans Zimmer, Mjerumani, na ulimpatia Oscar. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka sita, na amesema mwenyewe kwamba katika muziki ule alikuwa akimlilia baba yake. Niliposoma hayo niliirudia sehemu ya korongoni nimefumba macho, bila picha. Jaribuni.

Mtembeza wageni (Nungwi)
Jamani mada hii imenikuta.

Mie natembeza wageni mwaka wa sita. Hakuna matata naisema tokea asubuhi mpaka jua kuzama. Maneno ni yetu, Them Mushrooms wa Kenya waliyaimba kwenye Jambo Bwana 1982, kabla ya katuni hiyo. Ila nyumbani mke wangu akiniuliza jambo namjibu hamna tabu, kama watu wote.

Masika haya wageni hamna, nikaiangalia peke yangu. Wimbo ule wa Hakuna Matata utotoni niliudhani wa furaha. Kumbe anaimbiwa mtoto aliyeokotwa jangwani karibu afe, ambaye hataki kurudi kwao kwa aibu. Anaimba anatembea, anaimba anakua, nywele za shingoni zinaota, wimbo bado haujamalizika. Ujana wote umekwisha ndani ya wimbo mmoja.

Mie nilitoka Mtambwe baada ya kugombana na baba kwa ajili ya mikarafuu michache. Nilimjibu mbele za watu. Boti ya Pemba ipo, nauli ninayo, na mwaka wa sita huu sijavuka. Mtu akiniuliza mzee hajambo, najibu hajambo. Najuaje?

Mama Wawili (Jang'ombe)
Kaka yangu, usimngoje yeye aanze. Yeye mzee.

Mwenye mada (Fuoni)
Ndugu yangu, mie ningekuwa na namba ya kumpigia wangu nisingekuwa naandika hapa. Mpigie leo hii. Usitayarishe maneno, salamu tu inatosha.

Mpiga udi (Mji Mkongwe)
Tuko na wewe yakhe.

Mtembeza wageni (Nungwi)
Nimepiga. Kapokea mama. Kasema mzee yupo uani anaanua karafuu, mvua imeshaanza kudondoka. Nikasikia sauti yake kwa mbali, "Nani huyo?" Mama akamtajia jina langu.

Kaziacha karafuu zinarowa, kaja kushika simu.