Nguzo yetu ya taa ya barabara ya Samora, Dar, wameikata halafu nimepewa NATI nikaweke sebuleni!!!

Wakuu naandika mikono inatetemeka, mnisamehe herufi zikiruka.

Leo asubuhi saa mbili na nusu nafika kibarazani kwangu Samora, nyie mnaoshuka kuelekea Mnara wa Saa mnanijua, fundi saa mwenye meza ya kioo, nakuta yule bwana kasimama. Simtaji. Hana haja ya kutajwa, mji mzima unamjua, yule wa kofia ya njano na makaratasi kwapani ambayo toka yakunjwe hayajawahi kukunjuliwa, yule ambaye tumbo likishafika Mnara wa Saa yeye mwenyewe ndo kwanza anavuka Sanamu ya Askari. Ana vijana wanne na grainda. Wanakata nguzo ya taa.

Na nguzo yenyewe sio haya mabomba ya siku hizi, bati chini bolti nne, daladala ikipiga honi kwa nguvu limelala. Ile ni chuma cha kumimina, ina michirizi toka kitakoni mpaka shingoni, kitakoni kuna kimlango kidogo cha nyaya, na juu chini ya taa ina vijimkono viwili vya kuegemezea ngazi fundi akipanda kubadilisha balbu. Mtu aliyeitengeneza alimfikiria fundi ambaye hajazaliwa bado!! Nani leo anafanya hivyo? Mimi nimeanza kazi chini yake 1984. Wateja wangu wote wanaelekezwa hivyo, "nenda mpaka kwenye nguzo nene, fundi yuko hapo."

Nikamwambia kwa adabu kabisa, baba, kama shida ni taa badilisheni taa, wekeni hizo LED zenu, nguzo iacheni, haijamkosea mtu. Hakunijibu wakuu. Akainama, na tumbo lake lile, akaokota NATI. Nati moja ya kutu ya kitakoni. Akanishika mkono akaniwekea akanifunga na vidole kama mtoto anayetumwa chumvi, akasema, "Mzee, shika, kaweke sebuleni iwe kumbukumbu."

NATI.

Mbele ya muuza kahawa. Mbele ya vijana wa bajaji. Mbele ya mteja aliyeniletea saa ya marehemu baba yake. Wakacheka mpaka grainda ikazimwa ili wasikie vizuri.

Halafu ikaanguka. Chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka, ikapasuka vipande vitatu kama mtungi wa maji, wakapakia kwenye guta, safari ya vyuma chakavu. Barabara hii Mjerumani aliiita Unter den Akazien, Mwingereza akaita Acacia Avenue, tukajitawala ikawa Independence, sasa Samora, majina yote hayo yamepita. Askari kasimama pale na bunduki yake toka 1927 hakuna anayemgusa, Mnara wa Saa wa 1961 hakuna anayeugusa. Nguzo kwa kuwa haina jibao lenye maandishi ndo inakatwa kama muhogo?

Na mimi nipewe nati. Nimerudi nyumbani mke wangu ananiuliza mbona umeshika kitu mkononi, kumbe njia nzima toka mjini nimeikumbatia ile nati. Nati jamani.

Kijana wa Gerezani: Pole mzee wangu. Yule bwana huyo huyo mwaka jana kaja kwetu akachimba mtaro akaondoka, mtaro upo mpaka leo una kambare.

Mama Ubuyu: Huyo huyo!! Kofia ya njano! Mimi aliniambia nihamishe meza dakika tano tu apime, hizo dakika tano sasa ni wiki ya sita.

Skrepa Buguruni: Mzee hiyo nati bado unayo? Natoa mia mbili.

Fundi Saa: Wewe mwenye mia mbili ushindwe na ulegee. Siuzi.

Msomaji Upanga: Mkuu nakuunga mkono ila tusiseme kila cha zamani kilikuwa kizuri. Umeme Dar umeingia 1908, Mjerumani aliuleta kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao, babu zetu huku ng'ambo walikuwa na koroboi. Hata hapo alipo Askari mwanzo ilisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ilipong'olewa hakuna Mswahili aliyelia.

Fundi Saa: Sijalilia Mjerumani mimi nalilia nguzo. Na hiyo nati sikupewa na Mjerumani.

Dereva Tegeta: Mimi nitasema ukweli, bora watoe. Taa za manjano zile za sodiamu unaegesha gari jeupe unarudi hulijui, chini yake nyekundu, kijani, bluu vyote vinakuwa rangi ya chai ya maziwa. Na mataa ya zamani ya kuongozea magari ndo kabisa, yale ya balbu nyuma ya kioo cha rangi, jua la jioni likiingia humo ndani zote tatu zinaonekana zinawaka. Nishawahi kupita nyekundu naapa naona kijani.

Trafiki Sio Ndugu Yangu: Umegusa penyewe. Mataa mapya yanahesabu na sekunde, yanawaka vizuri kabisa, halafu trafiki anasimama katikati anatuita kwa mkono kwenye nyekundu na kutusimamisha kwenye kijani. Sasa tulinunua mataa ya nini? Leo nimekaa kwenye mataa ya Fire mpaka mtoto kwenye gari kajifunza kuhesabu.

Mama Ubuyu: Hahaha mtoto wangu amejifunza kutukana.

Mtoto wa Makadara: Nyinyi mnalia nguzo, huku Mombasa pembe zetu za Moi Avenue watalii wakipiga picha wanadhani ni za ndovu wa kweli, kumbe bati la aluminiamu. Lakini taa za hapo kando nenda usiku uone, unatafuta barabara na tochi ya simu.

Fundi Saa: Turudi kwenye mada wakuu. Mtu mzima wa umri wangu, nafungwa vidole. Hata hakutupa chini. Angetupa chini ningesema ni hasira. ALINIFUNGA VIDOLE.

Konda Mstaafu: Mimi swali langu, Ubungo flaiova ya Kijazi imefunguliwa 2021, mataa yale ya zamani hayapo tena, mbona abiria bado wanasema "shusha Ubungo Mataa"? Mataa gani?

Kijana wa Gerezani: Ni jina la kituo hilo kaka. Sasa unataka waseme shusha Ubungo Zege?

Dereva Tegeta: Tazara toka 2018 kuna flaiova ya Mfugale, na bado chini foleni iko palepale. Tuliambiwa flaiova itamaliza.

Trafiki Sio Ndugu Yangu: Kwa sababu chini kasimama trafiki!!!

Skrepa Buguruni: Mzee mia tatu, mwisho.

Mama Ubuyu: We mtu muache baba wa watu.

Msomaji Upanga: Samahani natoka nje ya mada kidogo. Fundi nina Seiko ya mkono, ya kujijaza yenyewe, inachelewa dakika kumi kila siku. Inapona?

Fundi Saa: Inapona. Ina mafuta yaliyoganda ndani, inataka kusafishwa tu. Usimpe mtu akuwekee mashine ya betri. Ilete kesho kabla ya saa nne.

Msomaji Upanga: Sawa mzee wangu, shikamoo. Nikifika Samora nikuulizie wapi?

Fundi Saa: Marahaba. Uliza kwenye shimo.