Naomba ushauri: dalali wa mahakama anataka kuuza nyumba ninayoishi

Wakuu, mimi ni fundi mwashi, niko Mbagala. Nadaiwa milioni 6 za saruji na nondo. Mteja aliingia mitini, mwenye duka akanishinda Mahakama ya Wilaya. Sasa dalali kabandika tangazo la mnada mlangoni. Nyumba sijaiweka rehani popote.

Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinakataza kukamata nyumba, au sehemu ya nyumba, anayoishi mdaiwa na familia yake. Hata zana za fundi zimekatazwa, na jamaa keshabeba mashine yangu ya kukatia vigae!

Kinachoniumiza kichwa: vyumba viwili nimepangisha, na mbele kuna fremu ya duka. Je, wanaweza kuuza hiyo sehemu peke yake? Na pingamizi nipeleke mimi au mama watoto?