Tupeane uzoefu: lengo lako la akiba ya kustaafu kabla ya miaka 60 ni shilingi ngapi, na ulilipataje?

Ngerengere (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mada za kustaafu mapema huwa zinaishia kwenye "anza sasa" na "wekeza". Ni nadra mtu aseme lengo lake ni shilingi ngapi na hesabu aliitoa wapi. Naomba hapa kila mwenye lengo aiweke namba yake mezani na aeleze njia aliyopita kuipata. Walioshaacha kazi ndio nawasubiri zaidi. Nianze mimi.

Nipo Morogoro, nina miaka 38, nimeajiriwa sekta binafsi. Mke wangu ana duka la vifaa vya shule. Tumepanga nitoke kwenye ajira nikifika 50. Kwa sheria zetu kustaafu kwa hiari ni 55 na kwa lazima ni 60, kwa hiyo kuna miaka mitano hadi kumi ambayo mfuko wa pensheni hautanipa kitu. Michango yangu itakuwa imeshavuka miezi 180 inayotakiwa ili kupata pensheni, ila itabidi isubiri umri.

Sisi tulianza na daftari. Mwaka mzima kila kilichotoka kiliandikwa: mkaa, gesi, umeme wa LUKU, maji, nauli, ada, sadaka, rambirambi, michango ya harusi, kifurushi cha king'amuzi. Mwaka ulipoisha tukafuta vile ambavyo nikiwa na 50 vitakuwa vimekwisha, yaani ada za wakubwa wawili, nauli yangu ya kazini, chakula cha mchana, na rejesho la mkopo wa kiwanja. Kisha tukaongeza vitakavyokuja, hasa bima ya afya ambayo leo analipa mwajiri. Ikabaki laki saba kwa mwezi, kwa bei za leo. Ada ya mdogo italipwa na duka.

Laki saba kwa mwezi ni 8,400,000 kwa mwaka. Bei zikipanda kwa wastani wa 4%, baada ya miaka 12 maisha haya haya yatadai kama 13,450,000 kwa mwaka. Hapa wengi mnaijua kanuni ya 4% ya Mmarekani William Bengen, ya mwaka 1994: mwaka wa kwanza unachukua 4% ya akiba, miaka inayofuata unaongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, na fedha inatarajiwa kudumu miaka 30. Maana yake uwe na matumizi ya mwaka mara 25. Kwangu inakuja milioni 336. Lakini kanuni ile imejengwa juu ya historia ya hisa na hatifungani (yaani kuikopesha serikali kwa riba) za Marekani, na kule riba ni ndogo kuliko zetu. Sisi tukahesabu hivi: hatifungani ya muda mrefu ikilipa 12% na bei zikapanda 4%, tutakula 8% tu, na ile 4% itarudi kwenye mtaji ili usiliwe na mfumuko. 13,450,000 gawanya kwa 0.08 ni milioni 168. Hiyo ndiyo namba yetu.

Kuifikia kwa miaka 12, tukikadiria faida ya 10% kwa mwaka (tumeshusha makusudi), inatakiwa kama 608,000 kila mwezi. Mshahara wangu peke yake haufiki huko, duka na bonasi vinasaidia. Ikionekana hatufiki, umri ndio utakaosogea, kwa sababu laki saba ile ni chakula na dawa.

Karibuni.

Chaki Nyeupe

Mkuu Ngerengere, hongereni wewe na shemeji kwa daftari. Hapo ndipo wengi tunapopakwepa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nachangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma: 5% inatoka kwangu, 15% inatoka kwa mwajiri. Nilipoanza kupanga kustaafu kwa hiari nikiwa na 55, niliamua mkupuo (sehemu ya mafao unayolipwa kwa mara moja ukistaafu) usiingie kabisa kwenye lengo, na ningependa watumishi wenzangu walitafakari hili kwa makini. Angalieni tulikopita. Kanuni za 2018 zilishusha mkupuo kutoka 50% hadi 25%. Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaja 33%. Bajeti ya Juni 2024 ikaupandisha hadi 40% kwa sisi tuliokuwa kwenye 50%. Sasa chukua mwalimu aliyekaa chini mwaka 2017 akapanga kujenga nyumba kwa mkupuo. Ajira ni ileile na mshahara ni uleule, lakini nyumba yake imeshabadilika ukubwa mara kadhaa kabla hajanunua hata tofali.

Ninachokihesabu ni pensheni ya mwezi. Nikitoka 55 badala ya 60 itakuwa ndogo, nami nataka kuziba pengo la laki tatu kwa mwezi. Namba yangu ilikuwa milioni 30, maana 12% ya hiyo ni 3,600,000 kwa mwaka. Kwa njia yako ya 8% inakuwa milioni 45. Naichukua hiyo 45, na nyumba iwe imekamilika kabla sijaandika barua.

Mdau wa Mnada

Niongezee kwenye hatifungani maana ndiko nilikoweka sehemu kubwa ya akiba yangu.

Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza 2021 kuponi yake, yaani riba ya mwaka, ilikuwa 15.95%. Aprili 2022 zile mpya zikashushwa hadi 12.56%. Kwa milioni 20, wa 2021 anapokea 1,595,000 kila miezi sita, na aliyenunua mwaka mmoja baadaye anapokea 1,256,000. Riba ya uliyokwisha kununua haiguswi mpaka iive, yaani muda wake uishe. Itakayokuja huko mbele huwezi kuijua. Kwa hiyo Ngerengere, ile 12% yako ni sahihi kwa zilizokwisha kununuliwa kwa riba hiyo, usiichukulie kuwa ndiyo utakayoikuta ukifika 50. Nanunua kidogo kidogo kila mwaka, ili nisiwe nimefunga kila kitu kwenye riba ya mwaka mmoja.

Kuanza si ghali kama watu wanavyodhani, kima cha chini ni milioni moja, na benki yako inaweza kukuombea kwenye mnada wa Benki Kuu. Ukihitaji hela kabla haijaiva, unauza kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Kinachowaangusha wengi ni siku riba inapoingia. Inaingia kwenye akaunti ileile ya mshahara, ikikaa wiki mbili imeshakuwa mafuta ya gari. Mimi akaunti inayopokea riba haina kadi wala haijaunganishwa na simu. Ikiingia tu naihamishia Mfuko wa Ukwasi wa UTT (taasisi ya serikali inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza pamoja), ikifika milioni inarudi mnadani.

Fundi Mwanamke Tanga

Wadogo zangu, mimi sina mwajiri wala mfuko. Nashona nguo tangu msichana, na mgongo umeshanieleza kwamba 60 sitaifika nikiwa kwenye cherehani. Nikajiwekea 52.

Kikoba chetu tunavunja kila Desemba. Mgao wangu siuingizi kwenye sikukuu, unanunua kitu cha ujenzi: mwaka mmoja tofali, mwaka mwingine bati na mbao, mwingine milango. Lengo ni vyumba sita vya kupangisha, vinne vimeshakaliwa.

Nawapa hesabu yangu maana kwenye vyumba watu hujidanganya sana. Vyumba sita kwa 50,000 ni laki tatu kwa mwezi, na mtu anakimbilia kusema ana milioni tatu na laki sita kwa mwaka. Mimi nahesabu miezi kumi tu. Mpangaji akihama, chumba kinapakwa rangi, kinasubiri mwingine, mwezi umekatika. Hapo ni milioni tatu. Ondoa laki nne za ukarabati, gari la maji taka, koki, vitasa, bati linalovuja, na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Inabaki 2,600,000, yaani kama 216,000 kwa mwezi. Chakula changu na dawa zangu vinatosha humo. Nguo nitaendelea kushona za sherehe tu, kwa wateja ninaowapenda.

Muuguzi Nakuru

Hamjambo majirani. Huku Kenya serikalini ni 60, lakini ukifika 50 unaweza kuomba kutoka mapema. Mimi nina 46.

Februari 2024 nilipata ile bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu, 18.46% bila kodi. Tangu hapo riba huku zimeshuka sana, kwa hiyo nakubaliana na Mdau, usipangie maisha riba ya mwaka mzuri.

Nilichokuja kusema ni juu ya sacco. Wengi wetu akiba kubwa iko pale, na mtu akijumlisha lengo lake anaihesabu yote kana kwamba iko mfukoni. Kuna mambo mawili. Kwanza, amana za sacco huwezi kuzichukua nusunusu, unazipata ukijiondoa uanachama, baada ya kutoa notisi. Pili, na hili ndilo zito, kama umewadhamini wenzako kwenye mikopo, amana zako zimeshikwa mpaka wamalize kulipa au wapate mdhamini mwingine. Mwenzangu wa wodi ya wanaume alipeleka barua ya kujiondoa akiwa na mipango yote tayari, akaambiwa amewadhamini watu watano na mmoja ameacha kulipa. Alirudi zamu za usiku.

Tangu nilipofika 45 sidhamini mtu mpya. Wale wa zamani nimewaomba mmoja mmoja waanze kutafuta wengine, na nimewaeleza sababu waziwazi. Wawili walinuna kidogo, sasa tumeelewana. Kwenye lengo langu naandika amana zilizo huru tu.

Mzee wa Mufindi

Nimesoma wote. Mimi niliacha kazi nikiwa na 52, huu ni mwaka wa saba.

Ngerengere

Shikamoo mzee. Tafadhali tuambie yaliyotokea baada ya kutoka.

Mzee wa Mufindi

Marahaba mwanangu. Nitasema mawili.

La kwanza ni miti, maana najua vijana wa mjini mnanunua mashamba huku kwetu mkiambiwa msindano ni pensheni. Ni kweli unalipa, lakini haulipi kila mwezi. Unangoja miaka zaidi ya kumi upate mbao za maana, na katika muda wote huo unatoa hela. Kila Mei, kabla nyasi hazijakauka, lazima barabara ya moto ifyekwe kuzunguka shamba lote, kisha ikwanguliwe kwa jembe mpaka udongo uonekane. Nyasi zilizofyekwa zibebwe mbali. Kibarua mvivu huziacha pembeni ya miti, na Septemba moto ukija wa jirani aliyekuwa anasafisha shamba, unapita hapohapo. Mwenye shamba akiwa Dar anatumiwa picha ya barabara nzuri iliyopigwa upande wa mbele. Kwa hiyo kwenye lengo langu miti niliiandika kwa nusu ya thamani yake, na sikuitegemea kwa hela ya sukari. Hela ya sukari ilitoka kwenye hatifungani na ng'ombe wawili wa maziwa. Parachichi nazo ni nzuri, ile ya kubebeshwa inaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, lakini inataka maji na uangalizi wa karibu.

La pili ni ndugu. Kwenye daftari lako mwanangu umeandika rambirambi na michango kwa jinsi unavyotoa sasa. Ukiwa kazini watu wanakuomba wakijua una ratiba na bosi. Ukiwa nyumbani unaingizwa kamati ya kila msiba na kila harusi, na mwanakamati hutoa kwanza na hutoa zaidi. Halafu kuna watoto wa marehemu, kuna mjukuu ameletwa kusoma karibu na babu. Mimi nalipenda jambo hili, sikuacha kazi ili niwakimbie watu wangu. Ila lilihitaji fungu lake, na nilipolitengea fungu lake, likawa halileti ugomvi na mama yenu. Sisi tunatenga sehemu moja ya tano ya kipato cha mwezi. Likiisha, anayekuja anaambiwa mwezi ujao, na mara nyingi anaelewa.

Ngerengere

Asante sana mzee. Tumekaa na mke wangu usiku huu tukaongeza 150,000 kwa ajili ya ndugu. Laki nane na nusu kwa mwezi inatupeleka kwenye milioni 204. Kwa akiba ileile ya 608,000, 50 inasogea hadi kama 52, maana bei nazo zitaendelea kupanda tukisubiri. Tumekubali.

Kijana wa Kahama

Wakuu, mimi nina miaka 27, mshahara unaofika mkononi ni 450,000, nimepanga chumba kimoja. Namba zenu zinanitisha. Nikiweka elfu hamsini kwa mwezi itafika wapi?

Mdau wa Mnada

Mdogo wangu, elfu hamsini kila mwezi kwa miaka 25, ikipata 10% kwa mwaka, ni zaidi ya milioni 66. Ulichotoa wewe mfukoni hapo ni milioni 15 tu. Utakuwa na 52. Ila bei nazo zitakuwa zimepanda, kwa hiyo kila mshahara ukiongezeka, na hiyo hamsini iongezeke. Anza na mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ukifikisha milioni ndipo uje mnadani.

Muuguzi Nakuru

Na kabla ya hayo, weka matumizi ya miezi mitatu mahali unapoweza kuyachukua haraka. Ukiugua usije ukalazimika kuvunja kile cha uzeeni.

Ngerengere

Kahama, nunua daftari kesho. Andika miezi mitatu bila kuficha kitu, kisha rudi na jumla yako hapa tukupigie hesabu pamoja. Na wewe Mzee wa Mufindi, mke wangu anauliza: bima ya afya baada ya kuacha kazi mliishughulikia vipi, na ilichukua kiasi gani cha bajeti?