Droni kwenye sini ya msiba: picha nzuri inamsaidia nani?

Mtoa mada: Wadau, mimi ni mhariri wa muvi, shughuli yangu ni kushinda chumbani nakata picha walizopiga wengine. Juzi nilikuwa na sini moja: mama yuko uani anapepeta mchele, simu inaita, anaambiwa mwanawe wa kiume hayupo tena. Mwigizaji hakupiga yowe. Aliiweka simu chini, akaendelea kupepeta, ungo unatetemeka mpaka mchele na chuya vikamwagika pamoja.

Mwongozaji akasema toa hiyo, weka shoti ya droni inayopaa kutoka uani hadi baharini, huzuni ionekane kubwa. Nikaweka, ndiye anayelipa. Sasa unaona mabati yenye kutu, matangi ya maji, mama kawa kidoti. Bahari inapendeza kweli, ila mtazamaji anaanza kujiuliza pale ni Kigamboni au Bagamoyo. Mama kashamsahau.

Mimi nasema picha inayomtoa mtu kwenye stori ni mbovu hata ikiwa nzuri. Nipingeni.

Mpiga picha: Mkuu, unatuonea. Droni imekodiwa kwa siku, aliyeilipia anataka aione kwenye skrini. Na trela isiyo na shoti ya juu utasikia "muvi ya bei chee". Miaka yote tulichekwa: taa moja, ukuta mweupe, kamera haitoki kwenye stendi. Tumejifunza kazi, sasa mnasema tunazidisha!

Mtoa mada: Ukuta mweupe haukuwa na kosa, kaka. Tazama muvi ya La Noire de… ya Msenegali Ousmane Sembène, 1966. Diouana anatoka Dakar kwenda Ufaransa kufanya kazi za ndani. Kinyago alichowazawadia matajiri wake kimetundikwa ukutani kwao, ukuta mweupe mtupu, peke yake. Hakuna anayekuambia "huyu ndiye Diouana". Unakiona tu, roho inakuuma. Picha yenyewe haina hata rangi.

Mdau wa Unguja: Mie nakupinga, lakini kwa njia nyengine. Chukua muvi ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Nimewasikia watu wakisema imepambwa mno, inakwenda taratibu. Sasa hebu fikiri: ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza yupo. Yasmin kamkimbia mume aliyeozwa, Denge anapigania uhuru. Wangeipiga kama taarifa ya habari, ningepata matukio, basi. Ule uzuri wa vichochoro na mwanga umenifanya nielewe kitu gani wanakigombania. Kwa hiyo usitwambie uzuri ni pambo. Pengine ndio hadithi yenyewe.

Mtazamaji tu: Mnabishania droni, mie naomba sura. Sini za usiku mnazimwagia bluu, mtu mweusi anabaki macho na meno, nashindwa kujua nani kamchoma nani kisu. Mikanda ya rangi ya zamani, maabara ziliipima rangi yake kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, sawa, weusi wa enzi hizo walionewa. Kamera za leo zinaiona ngozi yetu vizuri tu. Anayeshindwa ni mtu wa taa.

Mpiga picha: Mtu wa taa wengine hatuna. Ni mimi huyo huyo.

Mtoa mada: Dada wa Unguja, nimekubali. Niliongea kama vile stori ni maneno na picha inakuja kuyabebea mizigo. Lakini hapo Denge na Yasmin wamo ndani ya uzuri huo, wanauishi. Wangu mama kaachwa uani, kamera imeenda kutalii.

Mdau wa Unguja: Kabla hujamhukumu mwongozaji wako, huyo kijana kafia wapi? Akiwa mvuvi, droni kwenda baharini ina maana tena nzito.

Mtoa mada: Bodaboda. Kagongwa na lori Mbezi.

Mpiga picha: Hahaha, hapo sina utetezi. Ila nikwambie ukweli, mkuu: kazi nyingi tunafika lokesheni hatujapewa skripti. Mtu anakuonyesha ua, anasema "paisha". Mie nitajuaje kama bahari haihusiki?

Mtoa mada: Hata mimi sijaisoma hiyo skripti. Hilo la Mbezi nimelijua kwenye sini ya 30.