Ulinganisho: Tinder, Bumble, Badoo, Muzz au AfroIntroductions kwa mzazi anayelea peke yake?

Tabata_Relini
Wakuu, uzi huu ni wa singo maza na singo faza wanaosaka mwenza mtandaoni. Tusilinganishe kwa wingi wa picha nzuri. Tuangalie sura inathibitishwaje, nani anaruhusiwa kukuandikia, na habari za watoto zinaonekana kwa nani.

Naanza mimi. Tinder (2012) ina halaiki ya watu, na kwa kawaida hamuandikiani mpaka wote wawili mmekubaliana. Bumble (2014) ilijengwa kwa utaratibu wa mwanamke kuanza mazungumzo, na asipoandika ndani ya saa 24 nafasi inafutika. Kwa mama anayeshinda kazini na jioni ana madaftari ya kukagua, saa 24 zinapita kama upepo. Tangu 2024 unaweza kuweka swali lako tayari, wanaume wanalijibu, wewe unachagua wa kumjibu. Hiyo imepunguza adha. Badoo (2006) iko chini ya kampuni moja na Bumble. Kujiunga ni rahisi, kwa hiyo jiandae kuchuja sana. Kwangu Bumble inaongoza kwa akina mama.

fundi_simu
Mkuu umeanza vizuri, ila watu wanaipa tiki ya bluu, ile alama ya kuthibitishwa sura, heshima isiyo yake. Programu inakuomba selfi ya video, inalinganisha uso na picha ulizopakia, basi. Tiki inasema sura ni yake. Haisemi kwamba hana mke, wala kwamba hiyo kazi aliyoandika anaifanya kweli.

Kabla ya kukutana piga simu ya video, mwambie ageuze kichwa mpaka sikio lionekane, kisha apitishe kiganja mbele ya uso. Sura ya kubandikwa na kompyuta mara nyingi hutetereka hapo. Kamera "mbovu" mara tatu mfululizo, achana naye.

Na picha zako wewe ziwe mpya, zisiwe zile za Facebook au Instagram. Mtu akiiweka picha moja kwenye utafutaji wa picha wa Google anaweza kufika kwenye ukurasa wako, na huko ndiko kuna mtoto, shule na mtaa.

Binti_Forodhani
Salaam. Mmeisahau Muzz, iliyokuwa ikiitwa muzmatch. Kwa Muislamu, awe mtalaka aliyemaliza eda au mjane, ina mambo mawili ambayo hizo nyingine hazina kwa namna hiyo: picha unaziwekea ukungu mpaka wewe uamue nani azione, na unaweza kumuweka wali (msimamizi wa mwanamke kwenye ndoa, kama baba au kaka) akawa anapelekewa nakala ya mazungumzo. Mwenye nia ya mchezo akisikia kaka mtu anasoma, hutoweka mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba miji midogo ina watu wachache, utajikuta unaoneshwa walioko Dubai na London. Ukipanua masafa, uliza mapema nani atahama na mtoto atakwenda na nani.

Njoro_K
Hapa Kenya shida kubwa ni hela. Akina baba wanaolea watoto wanaliwa nauli kila Ijumaa: mwanamke anatumiwa fare ya kutoka Nakuru, simu inazimwa. Nauli hailipwi kwa mtu ambaye hamjaonana, nukta. Akina mama nao wanaletewa hadithi ya mzigo uliokwama forodhani.

Sasa angalia jambo hili. Ukimpa mtu namba yako ya M-Pesa umempa na jina. Anaanza kutuma shilingi kumi, jina linatokea, anaghairi. Kwa hivyo tumia laini ya pili isiyo na M-Pesa. Wewe pia mpime hivyo hivyo: kwenye programu anaitwa Brian, M-Pesa inatoa jina la mwanamke? Muulize.

Ukishamtumia tapeli pesa kwa M-Pesa ya Safaricom, sambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456 hapo hapo kuomba zirudishwe, kabla hajazitoa.

Tabata_Relini
@Njoro_K umepiga penyewe. Kwa Tanzania, ujumbe wa tapeli unasambazwa kwenda 15040, halafu unatuma namba iliyokuandikia.

Mama_Ngazija
Na hizi za wazazi peke yao je? Match Group, kampuni yenye Tinder, walizindua Stir mwaka 2022 Marekani.

fundi_simu
Dada, hiyo ni ya walioko huko. Faida yake hakuna wa kukushangaa kuwa una mtoto, na kuna sehemu ya kulinganisha ratiba za siku mlizo huru. Lakini fikiria upande wa pili: kila aliyemo ana watoto nyumbani, na mwenye nia mbaya na watoto analijua hilo. Popote ulipo andika "nina mtoto" tu. Usiandike umri wala jinsia. Picha ya mtoto usiweke hata ukimfunika uso, maana nembo ya sweta na basi la shule nyuma yake vinatosha kumpata. Ukiona mtu anauliza kuhusu mtoto kuliko anavyouliza kuhusu wewe, mripoti.

Binti_Forodhani
Na asiambiwe saa ngapi unakwenda kumchukua shule.

Njoro_K
AfroIntroductions kidogo, ile ya kusaka wenza Waafrika: bila mmoja wenu kulipia, mawasiliano yanabanwa. Ukilipa, lipia mwezi mmoja. Pia kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Ingia Play Store, gusa picha yako, nenda kwenye malipo na usajili, sitisha huko.

fundi_simu
La mwisho kwangu. Anayetaka mhamie WhatsApp kwenye ujumbe wa pili ana sababu: akaunti yake inaweza kufungwa wakati wowote, anawahi kukutoa. Baki ndani mpaka simu ya video ipite. Akikutukana au akiomba hela, piga picha ya skrini kwanza, mripoti, ndipo umuondoe. Ukianza kwa kumuondoa, mazungumzo yanapotea na ushahidi nao.

Mama_Ngazija
Na WhatsApp yenyewe, picha ya wasifu ionekane na namba ulizohifadhi tu. Wengi wamemuweka mtoto pale.