Mstaafu ana saa sita kwa wiki: ajitolee wapi mtaani? (Ulinganisho)

Kiriba
Wakuu, habari za jioni. Swali la "mzee wangu amestaafu, afanye nini zaidi ya kukaa barazani" linarudi humu kila mara, na majibu huwa ya jumla mno. Mtumishi wa umma wa Tanzania anatoka kazini akiwa na miaka 60, au 55 akiomba mwenyewe, na wengi bado wana nguvu na kichwa kizima. Tulinganishe nafasi tano zilizopo karibu kila kata: kitalu cha miti, kusoma na watoto wa shule ya msingi, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, kuwatembelea wazee wasiotoka nyumbani, na usuluhishi wa migogoro ya ardhi.

Angalizo moja kabla hatujaanza. Kabla ya kuuliza mzee anapenda nini, ulizeni magoti yakoje, macho yakoje, nauli anatoa nani, na siku asipofika nini kinaharibika. Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha hizi tano.

Naanza na langu, kitalu. Kujaza viriba, yaani vile vifuko vya kuoteshea miche, ni kazi ya kukaa, mradi meza iwe ya kimo cha kiuno. Kitalu cha chini kinavunja mgongo ndani ya wiki mbili. Mchanganyiko: ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na mtu akiona miche imekauka anadhani ni ukosefu wa maji, anazidi kumwagilia. Keni ya kumwagilia ya lita 10 ikijaa ni kilo 10, kwa hiyo mzee abebe nusu mkono huu na nusu mkono ule. Miche mingi ya miti inataka miezi minne hadi sita, hivyo ya kupanda masika isiwe bado kwenye pakiti ya mbegu mwezi Januari. Kila baada ya wiki kadhaa viriba visogezwe, la sivyo mizizi inaingia ardhini na siku ya kuhamisha inakatika.

Asipofika siku mbili za jua kali, miche inakufa. Kitalu cha shule kinakufa Desemba, watoto wakiwa likizo. Kwa hiyo wawepo watu wawili wa zamu, si mmoja.

Daftari la Pili
Shikamoo Mzee Kiriba. Mimi naweka hesabu za vikundi juu ya zote, kwa sababu moja: ndipo mtu aliyekaa na vitabu vya hesabu miaka 30 anapohitajika hasa. Lakini pia ndipo anapoweza kuharibiwa jina kwa jioni moja.

Nafasi ya kujitolea isiwe mweka hazina. Iwe mkaguzi, mtu asiye mwanakikundi, asiyeshika fedha na asiyeshika ufunguo. Utaratibu wa sanduku mnaujua: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayelaza sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Mkaguzi anakaa pembeni na daftari lake mwenyewe. Mwanzo wa kikao anaandika kilichohesabiwa, mwisho wa kikao anaandika tena. Tofauti ya namba hizo mbili lazima ilingane na hisa zilizonunuliwa, marejesho na faini, ukitoa mikopo iliyotoka. Isipolingana, sanduku halifungwi na mtu haondoki. Kusema "tutaangalia wiki ijayo" ndiko kunakoua vikundi.

Siku ya kugawana ndiyo yenye makosa mengi. Mfano: sanduku lina 7,840,000, hisa zote za mwaka ni 3,200, kila moja ilinunuliwa kwa 2,000. Gawanya: 2,450 kwa hisa. Mwenye hisa 140 anaondoka na 343,000. Makosa matatu ya kila mwaka: mfuko wa jamii, ile fedha ya kusaidiana kwenye shida, umechanganywa humo humo; faida imegawanywa sawa kwa kila kichwa badala ya kwa hisa, na wenye hisa nyingi wakanung'unika; mikopo ilikuwa bado nje siku ya kugawa. Dawa ya hili la tatu ni kufunga dirisha la mikopo miezi miwili au mitatu kabla ya mzunguko kuisha.

Siku hizi kuna la nne: marejesho yanatumwa kwenye simu ya mtu mmoja. Hata awe mwaminifu vipi, hela ya kikundi ikichanganyika na ya mboga haitoki tena kwa hesabu safi.

Muda: kikao kimoja kwa wiki, saa mbili. Akikosa, kikao kinaendelea. Nauli hakuna, kikundi kiko mtaa huo huo.

Mama Silabi
Nakubaliana na hesabu, ila wengi hawana taaluma hiyo. Kusoma na watoto kunamfaa hata aliyeishia darasa la saba, na shule zinahitaji.

Mlango ni mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule iandike kwenye muhtasari wake. Usianze kwa makubaliano ya mdomo. Mwalimu mkuu akihamishwa, nawe umehama. Watoto wawe watano au sita, dakika 45, mara mbili kwa wiki, chini ya mwembe au darasani mlango ukiwa wazi, na mtu mzima mwingine awepo anapoonekana. Mtoto mmoja peke yake, hapana. Inamlinda mtoto, inamlinda na mzee.

Siku ya kwanza usifundishe, pima. Silabi, neno, aya, hadithi: mtoto anapokwama ndipo unapoanzia, bila kujali yuko darasa la ngapi. Wa darasa la tatu kukwama kwenye silabi si ajabu. Kadi zikatwe kwenye maboksi, herufi ziandikwe kwa kalamu nene, urefu wa kidole; hizo mzee anaziona hata miwani ikiwa nyumbani. Ma me mi mo mu hazisumbui. Linalosumbua ni ng' na ng. Weka kadi ya "ng'ombe" na ya "ngoma" pamoja, mwambie mtoto aziseme akiwa ameshika pua: kwenye ng' ya ng'ombe sauti inakwama, kwa kuwa yote inapita puani. Hapo anacheka, na hasahau.

Na msisahau kiti. Madawati ya darasa la kwanza ni mafupi, mwenye magoti mabovu akikaa hapo ataacha wiki ya pili akisingizia mafua.

Nesi wa Kata
Kutembelea wazee wenzao ndiko watu wanakokimbilia kwa huruma, na ndiko wanakochoka upesi. Nyumba tatu kwa wiki zinatosha. Mkienda wawili ni bora zaidi, na asiwepo anayemnyanyua mgonjwa peke yake, kwani tutakuwa na wagonjwa wawili.

Kazi yenyewe: kuona kama dawa zinanywewa, kama sakafu ina maji, kama kuna chakula. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mwoneshe anayemuuguza jinsi ya kumgeuza kila saa mbili. Kikundi kikiwa na kipimo cha presha, kitumike vizuri: mtu akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane, mkono uwe wazi na uegemezwe usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja kati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa ya uongo, na kuongea wakati wa kupimwa vilevile. Andika namba, tarehe na saa. Ukiona 180 kwa 120 pamoja na kifua kuuma, udhaifu wa upande mmoja au maneno kukoroga, ni kituo cha afya saa ile ile. Kubadilisha dawa si kazi ya mtembeleaji, hata kama yeye mwenyewe anatumia dawa hiyo hiyo.

Kiriba
Usuluhishi je? Watu wanadhani baraza la kata bado linahukumu.

Muhtasari
Halihukumu, Mzee. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, kwenye ardhi baraza la kata ni la kusuluhisha tu. Wajumbe ni wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Kijijini kuna baraza la ardhi la kijiji: wajumbe saba, watatu wanawake, wanapendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu. Kwa hiyo huingii kwa kubisha hodi tu. Nafasi ikitokea, jina lipitie vikao.

Panapoharibika ni kwenye karatasi. Usuluhishi ukishindikana, baraza linatakiwa kuandika kwamba limeshindwa, ndipo mlalamikaji aende baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, anaweza kwenda bila hiyo barua. Wajumbe wengi wanajua kuongea, wachache wanajua kuandika muhtasari wenye mipaka: jirani wa kaskazini nani, hatua ngapi, mti gani, nani alikuwepo akashuhudia na akasaini. Mstaafu anayejua kuandika ni dhahabu hapo. Posho ni la kusuasua, asilitegemee. Na kama ana shamba au ndugu kwenye mgogoro, akae pembeni na iandikwe kwamba amekaa pembeni.

Pwani254
Kwa majirani wa Kenya: Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua usuluhishi wa kimila, hivyo wazee wa mtaa wana nafasi halali. Lakini kesi ya mtoto kunajisiwa haisuluhishwi kwa mbuzi wala kwa fidia. Mzee akiletewa, aipeleke polisi na hospitali siku hiyo hiyo. Wahamasishaji wa afya ya jamii nao wanalipwa posho tangu 2023, kwa hiyo sitaiweka kwenye hesabu ya kujitolea bure.

Tabata Jioni
Shikamooni wote. Mama, miaka 66, alikuwa mwalimu, magoti yanamsumbua, anaishi Tabata. Hataki kupanda daladala. Kati ya hizi?

Mama Silabi
Marahaba mwanangu. Shule iwe ya kutembea kwa miguu dakika kumi, abebewe kiti. Aanze na kundi moja tu mpaka mwisho wa muhula.

Daftari la Pili
Na kama shule iko ng'ambo ya barabara kubwa, watoto watano wa mtaa waje kwake barazani, wazazi wakiwa wamekubali na mmoja wao akikaa hapo. Wanaoishi jirani watakuja wote siku ya pili, kwa hiyo aseme namba mapema.