Mdogo wangu anafungua mabano nusu, nimsaidieje?

Dada wa Hombolo
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, mtihani wa taifa ni mwaka huu. Tukitoka shambani kwenye zabibu tunakaa na daftari lake. Akipewa 3(x + 4) anaandika 3x + 4. Namsahihisha, anakubali, kesho anarudia. Kwenye −2(x − 50) anaandika −2x − 100. Akiambiwa arudishe kwenye mabano, hajui hata aanzie wapi. Si mvivu, anakaa na kibatari mpaka saa nne usiku, inaniuma. Nifanyeje aelewe, asikariri tu?

Mwalimu, Kongwa
Dada, usimsahihishe kwanza, muulize. Makreti 3, kila moja lina kilo x za zabibu nyekundu na kilo 4 za nyeupe. Nyeupe jumla kilo ngapi? Atasema 12. Mwonyeshe alichoandika, 3x + 4, umuulize kilo 8 zimeenda wapi. Mwache atafute mwenyewe, hata ikichukua jioni nzima.

Halafu ajipime kwa namba. Aweke 2 mahali pa x: 3(2 + 4) ni 18, jibu lake linatoa 10. Wanafunzi wangu hawaleti daftari mezani kabla ya kujipima hivyo.

Kurudisha kwenye mabano ni KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ileile ya shule ya msingi. 6x + 9: namba kubwa inayogawa zote mbili ni 3, basi 3(2x + 3). Akiandika 12x + 18 = 2(6x + 9) hajakosea, ila hajamaliza, 3 bado imo ndani. Wengi huangukia kwenye 6x + 3. Wanaandika 3(2x), wakidhani 3 ikishatoka nje hakuna kilichobaki. Imebaki 1: 3(2x + 1).

Muuza madaftari, Majengo
Mwalimu, ya hasi umeiruka. Dada, mwambie hivi: umenunua madaftari 2, bei ya kila moja ni x, nikakupunguzia shilingi 50 kwa kila daftari. Mfukoni mwako zimetoka 2x, zimerudi 100. Ndiyo −2x + 100. Akiandika −2x − 100, badala ya kumpunguzia nimemwongezea bei, na hakuna mteja atakayekubali.

Dada wa Hombolo
Asanteni sana. Ya kilo 8 alinyamaza muda mrefu, kisha akakata 4 mwenyewe akaandika 12. Ya madaftari nilirudia mara tatu, ikaingia. Leo amekwama kwenye x² + 3x, ameandika x(x + 3x).

Mwalimu, Kongwa
Usimwambie jibu. Mwambie afungue mabano yake mwenyewe. Atapata x² + 3x², na ataona hajarudi alikotoka.